Fundi wa Gereji Alikuwa Nje ya Mlango

Shemeji alikuwa ameshalipenda lile gari kabla mimi sijaliona. Mtu akishafika hapo, fundi anayemleta kukagua si fundi tena, ni shahidi wa ndoa: aweke sahihi, apige makofi, aende zake.

"Van nyeupe ya mizigo, shemeji. Dizeli, gia za mkono, mlango wa kusukuma ubavuni, miwili nyuma. Kilomita 118,000 tu. Halafu ina kitabu cha sevisi, kimejaa! Hakuna hata kisanduku kimoja kitupu."

Hapo kwenye "kimejaa" ndipo nilipokaa vizuri. Van ya mizigo iliyofanya kazi kweli huwa na kitabu chenye mapengo. Kuna sevisi iliyochelewa kwa sababu gari lilikuwa safarini, kuna muhuri uliopigwa juu chini, kuna ukurasa wenye alama ya kidole cha oili. Dhamana ikiisha, mwenye gari anahama gereji na kuanza kutunza risiti badala ya mihuri. Kitabu kisicho na pengo hata moja ama kimetoka kwa kampuni yenye nidhamu ya jeshi, ama kimetoka kwa mtu mwenye kalamu.

Nikampa Shemeji maagizo mawili ya kumfikishia muuzaji. Kwanza, asiwashe gari kabla hatujafika. Injini ya dizeli ikiwashwa ikiwa baridi hutoboa siri ambazo ikiwa na moto inazimeza: plagi za hita zilizokufa, nozeli zinazovuja, cheni ya taimingi, ile inayofungua valvu kwa wakati wake, iliyolegea. Pili, tuone karatasi kabla ya kuliendesha, maana mnunuzi akishashika usukani hasomi tena.

Tulipofika nikaweka kiganja kwenye boneti. Moto.

"Nimelipasha kidogo, msisumbuke," akasema muuzaji. Shati jeupe limenyooshwa, simu mbili mkononi, moja kubwa ya kioo na moja ndogo ya vibonye.

"Kaka, sisi tumekuja kusumbuka."

Akacheka. Shemeji naye akacheka. Mimi nikachomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili.

Oili ilikuwa safi, ya njano, unaona chuma kupitia kwake. Kwenye petroli ningefurahi. Kwenye dizeli oili huanza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kumwagwa, kwa sababu masizi ya kwenye silinda hupenya ringi za pistoni na kuingia ndani yake, na oili imewekewa dawa ya kuyabeba hayo masizi yasigande kwenye chuma. Anayekataa dizeli kwa sababu tu oili ni nyeusi anaionea gari la watu. Anayeishangilia oili safi ya dizeli naye ajiulize imemwagwa saa ngapi.

"Sevisi ya mwisho lini, kaka?"

"Miezi minane. Imo kitabuni."

"Na imetembea ngapi toka hapo?"

"Elfu nane tu."

Oili ya kilomita elfu nane, na bado ungeweza kusomea gazeti kupitia kwake. Nikaifuta dipstiki, nikairudisha, sikusema kitu. Ukaguzi mzuri ni wa kunyamaza. Kila unachokitaja mapema, muuzaji anapata nafasi ya kukitungia hadithi.

Nikauliza matairi. Mapya manne, 2023, imo kitabuni. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mlolongo unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. La mbele lilisema 1117, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2017. Jirani yake 3916. Yalikuwa yamepakwa dawa ya kung'arisha mpaka nikajiona uso. Ndani, raba ya pedali ya klachi ilikuwa imelika hadi chuma kinachungulia, ila ya breki ilikuwa mpya kabisa. Inaelekea aliyelipamba gari alikuwa na raba moja tu.

Nikachomeka skana, kifaa cha kusoma makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, kwenye soketi iliyo chini ya usukani. Hakuna kosa hata moja.

"Unaona!" muuzaji akamwambia Shemeji, akampigapiga begani.

Wengi wanaishia hapo, kwenye skrini isiyo na makosa, na ndiyo maana kufuta makosa asubuhi ya siku ya mauzo ni biashara yenye faida. Lakini hata skana ndogo ya bei rahisi inaweza kusoma, kwenye magari mengi, namba mbili zaidi: umbali uliotembea gari tangu kumbukumbu za makosa zifutwe, na mara ambazo injini imepata moto tangu hapo. Umbali: kilomita 3. Kupata moto: mara 1. Chini yake kuna orodha ya majaribio ambayo kompyuta ya injini hujifanyia yenyewe barabarani, na karibu yote yaliandikwa hayajakamilika. Gari lilikuwa limepoteza kumbukumbu leo leo.

"Tulibadilisha betri," akasema kabla sijauliza.

Kweli, kuchomoa betri hufuta kumbukumbu hizo kwenye baadhi ya magari. Nikaitazama betri. Vichwa vyake vilikuwa na unga mweupe, na juu ya unga kulikuwa na vumbi, na juu ya vumbi buibui alikuwa amejenga. Buibui yule alikuwa mwenyeji kuliko sote.

Kitu kingine kilinikera: gari liliegeshwa nyuma ikiwa imebanwa ukutani, pua imeelekea bondeni kwenye mteremko mdogo.

"Mbona umeliweka hivi, kaka?"

"Kivuli."

Hapakuwa na kivuli. Nikaomba kitabu na faili la risiti, nikasema naingia nyuma kuangalia sakafu. Kwenye van ya mizigo sakafu ni ushahidi: kamba za kufungia mzigo zinakwaruza pete zake, magurudumu ya troli yanachimba njia kwenye plaiwudi, na kutu ya kwenye matao ya magurudumu haijui kusoma odometa, ile saa ya kilomita. Shemeji alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, anajaribu redio. Redio ilikuwa nzima. Alifurahi mno.

Mlango wa ubavuni wa van hutembea kwenye reli tatu: ya juu, ya chini, na ya katikati iliyo nje ya bodi. Uzito mkubwa wa nyuma ya mlango unabebwa na mkono wa katikati wenye rola. Beringi za rola zikilika, mlango unashuka milimita chache upande wa nyuma, na jino la kitasa halikai tena sawasawa na kidaka chake. Watu hawarekebishi rola, wanaongeza nguvu. Wakiongeza nguvu, waya unaotoka kwenye mkono wa nje kwenda kwenye kitasa unakatika, mara nyingi pale kwenye kichwa chake cha plastiki. Na kile kishikio kinachoushika mlango ukiwa wazi kikichakaa, gari likiwa limeelekea bondeni, mlango unajifunga wenyewe.

Haya yote nayajua. Niliyakumbuka kwa mpangilio huohuo nikiwa ndani, nimechuchumaa juu ya tao la gurudumu, mlango ulipoanza kusogea taratibu nyuma yangu, ukashika kasi, ukafunga. KWAA!

Giza.

"Usihofu, fundi!" muuzaji akasema nje. Nikasikia anavuta. Nikasikia anavuta tena, kwa hasira. Halafu kitu kikadondoka.

"Umetoka," akasema.

"Nini kimetoka?"

"Mkono."

"Wa nani?"

"Wa mlango, fundi."

Kwa ndani palipokuwa na mkono palikuwa na tundu. Kati yangu na viti vya mbele kulikuwa na ukuta wa chuma usio na dirisha, na nyuma ya ukuta huo Shemeji alikuwa ameongeza sauti ya redio. Nikapapasa mpaka milango ya nyuma, nikakipata kile kijiti kidogo cha kitasa, nikakibinya, mlango ukafunguka upana wa kidole kimoja ukagonga ukuta. Sasa nikaelewa maana ya kivuli.

"Nakwenda kutafuta bisibisi!" akapaza sauti, na nyayo zikaondoka.

Basi nikawasha tochi ya simu, nikakaa juu ya plaiwudi, nikafungua kitabu. Sikuwa na pa kwenda.

Na lazima niseme, hakuna mahali pazuri pa kusomea kitabu cha sevisi kuliko gizani. Juani unaona wino tu. Gizani, ukiilaza tochi ubavuni mwa karatasi ili mwanga ulambe juu juu, unaona mashimo ya kalamu. Kwenye kitabu halali mashimo yanatofautiana, kwa sababu mafundi wanatofautiana: huyu anabonyeza, yule anaparaza, mwaka huu kalamu ya bluu, mwaka ujao nyeusi, na kila mmoja aliandika kitabu kikiwa juu ya kitu kingine, boneti au paja. Kwenye kitabu hiki kila ukurasa ulikuwa umebeba kivuli cha maandishi ya ukurasa uliotangulia, mstari kwa mstari, kwa nguvu ileile. Miaka minane imeandikwa kwa mkao mmoja, mezani. Kwenye ukurasa wa mwisho, usio na visanduku, kulikuwa na mikwaruzo isiyo na wino: sahihi ileile imejaribiwa tena na tena, ikiboreka.

Kilomita zilikuwa 10,000, 20,000, 30,000, hivyo hivyo mpaka 110,000, bila kuzidi wala kupungua hata moja. Hakuna dereva wa hivyo. Gari halisi huja gereji na 10,340, halafu 19,870, halafu linapotea linarudi na 34,000 na fundi anagomba. Namba zilizonyooka ni namba za mtu ambaye hakuwa na gari mbele yake.

Mihuri ilianza 2015. Ndani ya jalada la nyuma, kwa herufi ndogo ambazo watu hawazisomi, mchapaji wa kitabu alikuwa ameweka mwaka wa toleo: 2018.

Nikafika kilomita 60,000, tarehe 31 Juni 2019, "plagi 4 mpya." Nikasoma mara ya pili. Dizeli haina plagi za cheche. Hewa ikigandamizwa inapata joto la kutosha kuwasha mafuta yenyewe. Ina plagi za hita, za kupasha wakati wa kuwasha, lakini hizo hazibadilishwi kwa ratiba ya sevisi, hubadilishwa zikifa. Na Juni ina siku 30. Kwa hiyo kazi isiyowezekana ilifanyika siku isiyokuwepo. Angalau hapo kitabu kilikuwa na mantiki.

Kilomita 90,000: "mkanda wa taimingi." Injini ile ni ya cheni. Hili ndilo jambo la kwanza la kujua kabla hata hujafungua kitabu, gari linalouzwa lina mkanda au cheni, maana hapo ndipo kwenye gharama. Injini za dizeli za Toyota za 1KD na 2KD zina mkanda. Za petroli za 1TR na 2TR zina cheni. EcoBlue ya lita 2.0 ya Ford, iliyoanza 2016, ilitoka na mkanda unaozunguka ndani ya oili, hivyo oili isiyo sahihi inaula mkanda na vipande vyake vinaziba mdomo wa pampu ya oili. Kwenye gari la mkanda tafuta risiti ya mkanda, tensheni inayoukaza, rola na, mara nyingi, pampu ya maji, yote pamoja. Kwenye gari la cheni usitafute risiti ya cheni. Tafuta risiti za oili, kwa sababu cheni na tensheni yake huishi kwa oili. Mwandishi wetu aliona "taimingi" mahali, akaona aiweke, gari lisionekane limetelekezwa.

Yasiyokuwemo yalisema zaidi. Sevisi zote hizo na mafuta ya breki hayajabadilishwa hata mara moja. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa. Ya daraja la DOT 4 (si DOT ile ya matairi) yakiwa mapya yanatakiwa kuanza kuchemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango chao cha chini ni nyuzi 155 tu, na van iliyojaa mzigo ikishuka mlima mrefu inazikaribia. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka yabadilishwe kila miaka miwili. Filta ya dizeli: haimo. Kulanti, maji ya kupozea injini: haimo. Oili ya giaboksi na ya difu: hazimo. Pedi za breki hazikuwahi kuisha. Kila ukurasa umeandikwa "breki zimeangaliwa," na naamini kweli ziliangaliwa, kwa mbali. Mtu anayeghushi kitabu anajua oili na filta ya oili, basi. Fundi wa kweli anaandika mambo ya ovyo: bushi ya kushoto, taa ya namba, kaza mkanda wa feni, mteja kakataa diski.

Namba ya chesisi ilikuwa imeandikwa kwa mkono ukurasa wa kwanza. Namba hizo zina alama 17 na hazitumii kabisa herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Mwenzetu alikuwa na mtindo wa kuikata sifuri kwa mstari katikati, kote kitabuni. Alama ya 12 ilikuwa duara lisilokatwa. Aliandika O, kwa kujiamini.

Risiti sasa. Zilikuwa za karatasi ileile nyembamba ya joto inayotoka kwenye mashine za madukani, ambayo kwa kawaida hufifia, na ikikaa kwenye droo ya dashibodi yenye jua ndiyo hupotea kabisa. Risiti ya 2017 ilikuwa nyeusi ti. Namba zake: ya 2017 ilikuwa 0451, ya 2018 ilikuwa 0452, ya 2019 ilikuwa 0453. Gereji ile haikuwa na mteja mwingine duniani.

Miguu ilikufa ganzi, nikajinyoosha, na tochi ikamulika pengo kati ya plaiwudi ya ukutani na mbavu za bodi. Kulikuwa na karatasi humo. Nikaingiza vidole viwili nikaivuta: fomu ya dereva ya siku, imekunjwa, ina doa la kikombe. Ya mwaka 2021. Kilomita za kuanzia: 311,142. Za kumalizia: 311,406. Kilomita 264 za kusambaza mizigo kwa siku moja, na mwandiko ulikuwa wa mtu aliyechoka, kalamu inaruka. Kwa mujibu wa kitabu, mwaka huo gari lilikuwa na 80,000. Ndiyo maana mimi kwenye van za mizigo nafukua droo, chini ya viti, nyuma ya mbao, kwenye stika za kubadilisha oili zilizobandikwa ukingoni mwa mlango. Karatasi ambayo hakuna aliyepanga kuitunza haina sababu ya kudanganya. Mwenye skana kubwa anaweza pia kuingia kwenye kompyuta ya injini au ya breki za ABS, ambako kwenye magari mengi umbali au saa za injini huhifadhiwa kando, na anayerudisha odometa mara nyingi anagusa dashibodi peke yake.

Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya kasoro za gari. Dereva alikuwa ameandika:

"Mlango wa ubavuni haufunguki ukiwa ndani. Hii mara ya tatu naripoti."

Nilimpenda yule dereva kwa moyo wangu wote. Nikarudi kwenye kitabu, kilomita 110,000: "rola za mlango wa ubavuni na kitasa, vyote vipya." Na chini yake muhuri wa gereji, wenye namba ya simu.

Kikawaida namba ya kwenye muhuri haipigwi. Aliyechonga muhuri ndiye aliyechagua namba. Unatafuta gereji kwa njia zako mwenyewe, unawapa namba ya chesisi, unauliza gari lilikuja lini na lilikuwa na kilomita ngapi, na unawaacha wao wazitaje, si wewe uwatajie waitikie. Wala watengenezaji wengi siku hizi hawagongi mihuri. Kumbukumbu zimo kwenye kompyuta zao na wakala anaweza kukuangalizia. Lakini mimi nilikuwa na simu, giza, na nafasi. Nikapiga.

Ikaita sikioni. Ikaita na nje, hatua mbili kutoka mlangoni, mlio mwembamba wa simu ya vibonye.

Nyayo zikasimama. Kikohozi kimoja cha kujiandaa. Kisha ikatoka sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia, sauti ya mtu mwenye ovaroli:

"Haloo. Gereji hapa."

Niliisikia mara mbili, kwanza kupitia bati, halafu kitambo kidogo, kupitia simu.

Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikanong'ona. "Habari za kazi, fundi. Naulizia van moja nyeupe mliyokuwa mnaifanyia sevisi."

"Ile naijua. Nimeishika mwenyewe toka mpya."

"Taimingi vipi?"

"Tuliweka mkanda mpya."

"Nimeambiwa ina cheni."

Kimya kidogo. "Na cheni mpya."

"Vyote viwili?"

"Sisi hatubahatishi."

"Na rola za mlango wa ubavuni?"

"Hizo nimezifunga kwa mikono yangu hii. Ule mlango unaufungua kwa kidole kimoja."

"Basi fundi, nakuomba hicho kidole. Mimi ndiye niliyemo ndani."

Simu ikakatika. Nje hakuna aliyepumua. Redio ikamaliza wimbo, ikaanza tangazo. Halafu, taratibu, ile sauti nyembamba ya mwanzo, ya shati jeupe:

"Fundi? Nimepata bisibisi."

Bisibisi haikusaidia, maana jino la kitasa lilikuwa limebanwa na uzito wa mlango wenyewe, na ili lilegee ilibidi mtu ainue mlango kwa nyuma huku mwingine akivuta waya ambao haukuwepo. Ikabaki njia moja: kulisogeza gari mbele ili milango ya nyuma ipate nafasi. Akaingia, akawasha.

Na hapo nikapata nilichokiomba tangu mwanzo. Kwa muda wote ule wa kutafuta bisibisi injini ilikuwa imepoa vya kutosha oili kushuka chini. Ilipowaka, upande wa cheni ukalia krrrrra kwa sekunde tatu nne, kisha ukanyamaza. Tensheni ya cheni husukumwa na presha ya oili; ikiwa valvu yake inavujisha au cheni imerefuka, cheni inacheza mpaka presha ifike. Sauti hiyo ukiisikia kila asubuhi, ni gharama. Ukinyamaza nayo, jino likiruka, valvu na pistoni zinakutana. Muuzaji aliyelipasha gari mapema hakuwa anatuhurumia.

Akaachia klachi. Nilimwambia mita moja. Shemeji, ambaye alidhani majaribio ya barabarani yameanza, akamwambia, "Twende tu, twende, tulisikie." Wakaenda. Mimi nikiwa mzigo.

Sitaki kusema kwamba kila mnunuzi asafirishwe nyuma, lakini nilisikia mambo ambayo kwenye kiti cha mbele, na redio ile, hayasikiki. Beringi ya katikati ya propela shafti ilikuwa inaunguruma chini ya makalio yangu kadiri kasi ilivyopanda. Difu ililia akiongeza mafuta na kunyamaza akiachia, dalili ya meno yaliyolika. Kwenye breki plaiwudi yote iliteleza mbele pamoja nami, na nikapata muda wa kuhesabu boliti zinazoishikilia: hakuna. Diski ya mbele iliyopinda ilikuwa inadunda mpaka ukutani kwa chuma.

Waliposimama na kunifungulia nyuma, Shemeji alinipokea kwa tabasamu. "Inavuta, shemeji! Umeionaje?"

Nikampa ile fomu ya dereva. Akaisoma yote, mdomo unatembea. Akaangalia odometa kwa mbali, akaangalia fomu. Akahesabu kwa vidole, vidole vikaisha.

"Kaka," akamwambia muuzaji, kwa upole wa mtu anayerudisha posa, "hili gari limezaliwa upya?"

"Dashibodi ilibadilishwa," akasema. Inawezekana, dashibodi hufa kweli, na ikibadilishwa kihalali huandikwa kitabuni tarehe na kilomita za dashibodi zote mbili. Nikafungua kitabu nikamtafutia ukurasa. Ulikuwa umejaa.

Tukaondoka kwa miguu. Shemeji alisononeka njia nzima, si kwa ajili ya gari. Kwa ajili ya redio.

Wiki hiyo hiyo simu yangu ikaita, namba ya gereji. Sauti ilikuwa ile nyembamba, haikujisumbua kuwa nzito.

"Fundi, samahani. Ule mlango. Nimepata mteja mwingine na mimi sitaki lawama. Ninunue nini?"

Nikamtajia: mkono wa katikati pamoja na rola zake, asichukue rola peke yake, waya wa kitasa wa nje, mkono wa nje na wa ndani, kishikio cha kuzuia mlango ukiwa wazi. Asafishe reli kwa dawa ya kuondoa grisi kwanza, maana grisi mpya juu ya mchanga wa zamani ni msasa. Apime pengo la mlango juu na chini kabla ya kukaza, liwe sawa kote. Na duka la spea litataka namba ya chesisi, kwa sababu van fupi na ndefu zinaweza kutofautiana mikono.

"Ninayo hapa," akasema. "Niitaje uniandikie oda?"

"Itaje."

Akaanza kusoma, polepole, kama mtu anayesoma ya kwake mwenyewe. Nilikuwa nahesabu. Alipofika alama ya 12 akavuta pumzi, akasema kwa kujiamini kabisa:

"O."